Nilimwachia Mnara Kosa Langu

Shangazi yangu husonga ugali kwa mkono wa kushoto. Hakuzaliwa hivyo. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilivunjika usiku mmoja wa Aprili 2021, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo ugali ukianza kukaza hubadilisha mkono bila kusema neno. Kwa miaka minne, akiulizwa kilichomvunja, alijibu kwamba ni mnara wa simu. Ndivyo alivyowaambia majirani, ndivyo alivyosema mbele ya mkutano wa kijiji, na aliamini hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia. Haukuwa mnara. Nilikuwa mimi.

Mimi ni fundi simu hapa Runazi, wilayani Biharamulo. Nabadilisha vioo, natengeneza sehemu za kuchajia, naflashi simu zilizogoma, na pembeni nina uwakala wa kuweka na kutoa pesa. Watu huniachia simu zao pamoja na namba zao za siri, wakaenda sokoni na kurudi jioni. Naitaja imani hiyo kwa sababu kosa langu lilitokea humo humo. Nilizoea kuletewa simu mezani. Inakuja, inapona, inaondoka. Inakolala usiku halikuwa swali langu.

Shangazi anaishi Ngara, upande wa Rusumo. Kutoka kwetu tunaifuata Lusahunga, kisha tunashika ile barabara ya kilomita 92 inayokwenda mpakani, tukiongozana na malori ya Kigali hadi Benaco na kuendelea. Nyumba yake haipo barabarani. Unashuka kwa mguu, migomba kushoto na kulia, mpaka mteremko unapokaribia bonde la Mto Kagera. Ng'ambo ya mto ni Rwanda, wilaya ya Kirehe. Usiku unaziona taa zao, na upepo ukikaa vizuri unasikia mbwa wao. Watu wa pande zote mbili wanaelewana bila mkalimani, maana Kihangaza na Kinyarwanda ni ndugu.

Baba yangu alipofariki, huyu dada yake ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tatu na cha nne kwa kuuza maharage. Mpaka leo huniita "baba", kama shangazi wengi wanavyowaita watoto wa kaka zao.

Mwezi Machi 2021 nilikwenda kumsalimia. Kabla sijamaliza "shikamoo" alianza kunieleza habari ya simu yake.

"Baba, hii simu inakula. Nimeweka elfu mbili asubuhi, sijampigia mtu, jioni hakuna kitu."

Kulikuwa na jambo la pili. Simu ilikuwa ikirudi nyuma saa nzima bila kuguswa. Mjukuu wake mkubwa, msichana wa miaka 12, alikuwa akiitegemea kuamkia shule, na mara mbili alifika wenzake wameshaingia darasani akachapwa. Na kulikuwa na ujumbe uliokuwa ukiingia mara kwa mara, kumkaribisha Rwanda, naye ameketi kwenye kigoda chake mwenyewe, jikoni kwake, Tanzania.

Nilijua mara moja ni nini. Kila laini ya simu imeandikwa ndani yake namba ya nchi yake: Tanzania ni 640, Rwanda 635, Burundi 642, Uganda 641. Simu ikijichagulia mtandao huitafuta kwanza kampuni ya laini yake nyumbani. Ikiikosa, na kama laini inaruhusiwa kuvuka, hushika mnara wowote wenye makubaliano na kampuni hiyo, hata wa nchi nyingine. Mawimbi hayajui kwamba katikati ya mto kuna mpaka. Ukishashikwa na mnara wa ng'ambo unahesabiwa umesafiri: kupiga ni ghali, na hata kupokea kunaweza kukatwa pesa. Na kwa kuwa Rwanda wako saa moja nyuma yetu, simu janja iliyoachiwa ijipangie saa hufuata saa ya Kigali. Kwetu ikiwa saa moja kamili asubuhi, yenyewe inasoma saa kumi na mbili.

Haya yote niliyajua. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Tulikuwa juu barabarani wakati huo, kwenye duka la mafuta ya taa na sukari, kwa sababu shangazi alinipokea hapo niliposhuka kwenye gari. Nikaichukua simu nikiwa bado nimesimama, begi begani. Nikaingia kwenye mipangilio ya mtandao, nikazima ile alama ya kuchagua kiotomatiki, nikasubiri orodha ije, nikagusa jina la mtandao wake wa Tanzania. Nikazima pia saa ya kujipanga yenyewe. Nikajipigia, ikaita. Haikuchukua hata dakika tatu.

"Sasa haitavuka tena, shangazi."

"Mungu akuongezee, baba."

Watu wa dukani walitazama. Mmoja akasema huyu ni fundi kweli. Nilifurahi, naungama nilifurahi sana, na furaha ile ndiyo iliyonifanya nisiulize swali moja ambalo mtoto angeuliza: je, mtandao wa nyumbani unafika kule chini unakolala?

Haufiki. Nilikaa kwake siku mbili nisitambue, kwa kuwa simu yangu mimi nilikuwa nimeiacha kiotomatiki. Kule bondeni ilikuwa ikishika Rwanda kimya kimya, nami nina salio la kutosha, sikujali. Simu ya shangazi ilining'inia kwenye msumari karibu na dirisha la jikoni, ndani ya kimfuko cha kufuma, imekufa. Nilikuwa nimeiamuru ikubali mtandao mmoja tu duniani, na mtandao huo haukuwepo pale. Kabla ya mimi kuigusa, simu ile ilikuwa ikila pesa, ni kweli, lakini ilikuwa ikiita. Ukimtafuta shangazi usiku ulimpata, japo kwa kupitia Kigali.

Wiki mbili baadaye alinipigia akiwa juu gulioni. "Baba, watu wananiambia jioni sipatikani." Nilikuwa na wateja wanne mbele yangu. Nikamjibu kwamba mtandao wa kwao unasumbua, avumilie. Hilo lilikuwa onyo, likaja lenyewe mpaka sikioni mwangu, nikalifukuza.

Usiku wa tukio ilikuwa masika. Mjukuu mdogo, wa miaka sita, alishinda na homa, na ilipofika saa nane usiku akaanza degedege. Shangazi alitoa simu kwenye kimfuko ampigie kijana wa bodaboda anayelala juu barabarani. Kioo kilikuwa kimeandika: simu za dharura tu. Akaizima, akaiwasha. Akaipeleka mlangoni, akaipeleka uani, akasimama nayo kwenye jiwe la kufulia. Hakujua, na sikuwahi kumwambia, kwamba maneno yale yana maana yake: angepiga 112, simu ingepita kwenye mnara wowote uliokuwa karibu, hata wa Rwanda, na huenda angalau angesikia sauti ya mtu.

Akamwacha mtoto mikononi mwa dada yake wa miaka 12, akaanza kupanda. Mvua ilikuwa imekatika lakini njia ni ya udongo mwekundu, nanyi mnaojua milima ya Ngara mnajua udongo ule ukilowa unavyokuwa. Mkono mmoja tochi, mkono mmoja simu juu, jicho kwenye kioo aone kama mtandao unasoma. Aliteleza hapo. Alinieleza baadaye kwamba hakuhisi maumivu kwanza, alichohisi ni hofu kwamba simu imepasuka. Haikupasuka. Aliibeba kwa mkono wa kushoto, akapanda tena, na karibu na barabara ikasoma.

Mtoto alifika hospitali, ikapatikana malaria, akatibiwa, akapona. Sasa anasoma darasa la nne na ana kelele nyingi. Namshukuru Mungu kila ninapomwona. Mfupa wa bibi yake ndio uliobaki na alama.

Nilifika hospitalini siku iliyofuata jioni. Shangazi alikuwa ameketi pembeni ya kitanda cha mtoto, mkono umefungwa, uso umevimba kwa kukosa usingizi. Akaanza kunisimulia tangu mwanzo, na katikati ya simulizi akanipa simu kwa mkono wake mzima. "Itazame, baba. Labda imeingia maji."

Niliifungua. Sikuhitaji kutafuta. Ile alama ya kiotomatiki ilikuwa pale pale nilipoizima, na nilipoiona nilielewa kila kitu kwa mara moja: msumari, dirisha, jiwe la kufulia, udongo. Shangazi alikuwa bado anazungumza. Alikuwa amefika mahali pa kuteleza. Kidole gumba changu kikaigusa alama ile, ikawaka. Nikafunga ukurasa. Nikamrudishia simu.

"Haina tatizo," nikasema. "Mnara ulilala jana. Sasa umerudi."

Sikupanga kusema hivyo. Lakini nilikuwa na nafasi ya kujirekebisha dakika ile ile, na dakika iliyofuata, na usiku kucha nilipolala sakafuni karibu na kitanda, na sikujirekebisha. Mwongo anaweza kusema alishtushwa. Mimi nilishtuka kwa dakika moja, kisha nikanyamaza miaka minne.

Uongo ule haukukaa hospitalini. Shangazi si mtu wa kunung'unika nyumbani. Mkono ulipopata nafuu alikwenda kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji, akasimama mbele ya mtendaji na mwenyekiti, akaeleza kwamba mnara ulilala usiku, mjukuu wake nusura afe, na kwamba fundi, mtoto wa kaka yake, ameithibitisha habari hiyo. Alitumia neno langu kama ushahidi. Baada ya muda ikaja habari kwamba usiku ule mnara haukuwa na hitilafu yoyote. Watu wakaanza kunong'ona: mama huyu amezeeka, kifaa chenyewe hajui kukitumia. Nilisikia habari hizo kwa ndugu aliyenipigia, akicheka. Nikacheka naye kidogo, kwenye simu. Kicheko hicho nacho nakiungama. Ndicho kinachoniuma kuliko yote, zaidi hata ya mfupa, kwa sababu mfupa niliuvunja bila kujua.

Nimesoma mengi tangu hapo, labda nikidhani kusoma kutapunguza deni. Nimejua kwamba simu iliyovuka mpaka haikai inatazama nyumbani kila sekunde; hurudi kutafuta kwa vipindi vilivyopangwa ndani ya laini, kuanzia dakika 6 mpaka saa 8, na mara nyingi ni saa moja. Ndiyo maana mtu wa mpakani anapanda mlima mpaka juu, anaona mnara wa nyumbani kwa macho yake, na simu bado inamhesabu yuko Rwanda. Nimejua kwamba kampuni ya simu ya Celtel mwaka 2006 iliwaunganisha wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania wapigiane kama wako nchi moja, na kwamba mwaka 2014 na 2015 Kenya, Rwanda na Uganda zilishusha gharama za simu zinazovuka mipaka yao. Pale pale Rusumo, maporomoko yanaendesha mitambo ya umeme ya megawati 80 unaogawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Umeme umepata utaratibu wa kukaa kwenye mpaka ule bila kumwadhibu mtu. Nataka kuona sauti ya mama aliyeketi jikoni kwake inapata utaratibu kama huo.

Nimejua pia tiba ambayo ningempa siku ile kama ningeshuka naye. Ningeiacha simu ichague yenyewe. Ningezima data ya ng'ambo tu. Ningezima saa ya kujipanga, hilo nililifanya na lilikuwa sahihi. Ningembandikia jikoni karatasi yenye 112. Kisha ningejaribu laini za kampuni nyingine za Tanzania kule bondeni, moja baada ya nyingine, nione ipi inafika, tumsajilie ya pili. Laini ya pili kwake si jambo dogo: hii aliyonayo aliisajili kwa alama za vidole siku za mwisho kabla ya laini zisizosajiliwa kuanza kufungwa, Januari 20, 2020, baada ya kusubiri namba ya NIDA kwa muda mrefu, maana sisi wa mikoa ya mpakani huulizwa uraia wetu zaidi ya wengine. Aliona laini moja inatosha kwa shida aliyoipata. Lakini fundi angeweza kutembea naye. Ndiyo kazi ya fundi.

Kilichonifungua mdomo hakikuwa dhamira peke yake, nitasema ukweli huo nao. Mwaka jana shangazi alinipigia akaniomba nimwulizie bei ya mabati Biharamulo mjini. Anataka kujenga chumba kimoja juu barabarani, ahame na watoto. Nikamwuliza pesa zinatoka wapi. Akasema atauza ng'ombe. Ana ng'ombe mmoja.

"Unahama kwa nini, shangazi?"

"Kwa ajili ya ule mnara, baba. Ulilala siku moja, unaweza kulala tena."

Simu yake ilikuwa ikifanya kazi kule chini miaka yote hiyo, ikila salio kama zamani lakini ikiita. Hakuwa akikimbia mnara. Alikuwa akikimbia sentensi yangu.

Nilifunga kibanda siku ya Alhamisi. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi, ameziweka mapajani, kisu mkono wa kushoto. Nilikaa chini, si kwenye kiti. Nikamweleza kuanzia dukani, kidole changu, orodha, jina nililoligusa, mpaka hospitalini. Sikutaja wateja wangu wanne wala uchovu. Alimenya mpaka akamaliza sufuria. Mjukuu aliingia kumwombea jirani chumvi, shangazi akampa, akatoka.

"Kwa hiyo siku ile uliponirudishia," akasema, "ulikuwa umeshaitengeneza."

"Ndiyo, shangazi."

"Nikiwa nakusimulia."

"Ndiyo."

Alinitazama kwa muda. Nilitamani anitukane. Badala yake alinyoosha mkono ule uliopinda, akachomoa simu kwenye kimfuko, akaniwekea gotini. "Nionyeshe."

Tukaizima alama na kuiwasha, yeye akigusa, mimi nikinyamaza. Alipozima na kusubiri orodha, mtandao wetu haukuwemo. Yalikuja majina mawili, yote ya Rwanda, akayasoma herufi kwa herufi. Akaniuliza kama hayo ndiyo yaliyokuwa yakimlia pesa. Nikasema ndiyo, na ndiyo yaliyokuwa yakimfikisha kwa watu. Akarudia mara tatu mpaka mkono ukazoea. Kisha akapepea mkaa, akabandika ndizi, na bila kugeuka akasema, "Jumamosi kuna mkutano. Utasimama pale pale niliposimama mimi."

Nilisimama. Nilitaja jina langu na kwamba natoka Runazi. Nilieleza nilichofanya na nilichomdanganya, na kwamba usiku ule shangazi alikuwa anatumia simu vizuri kuliko aliyemtengenezea. Wengine waliguna. Mtendaji aliandika. Niliongeza jambo moja, na nilisisitiza liandikwe: kosa langu halimaanishi bondeni mtandao upo. Haupo. Mei 2023 ilisainiwa mikataba Dodoma ya kujenga minara 758 vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na kijiji chenye watu wanaolala kwenye mawimbi ya nchi nyingine kina haki ya kuuliza zamu yake. Nisingependa uongo wangu utumike kuwanyima. Shangazi alikaa mstari wa mbele, mikono mapajani, wa kushoto umeufunika wa kulia. Hakunipigia makofi, wala sikuyatarajia. Ng'ombe hajauzwa.

Mkutano ulipovunjika, mzee mmoja alinifuata na simu mkononi. Yake nayo inakula salio, akasema, nimtazamie upesi kabla sijapata gari. Niliipokea, kidole kikaanza kwenda chenyewe kwenye mipangilio. Nikakizuia.

"Shikamoo, mzee. Unakaa huku juu au bondeni?"

"Marahaba. Bondeni, kule karibu na mto."

Nikamrudishia simu yake, nikachukua begi, tukaanza kushuka.